Vioo vyenye viputo kwenye nyumba ya Ujiji: ni vya lini, na ving'olewe au vibaki?

Swali: Nyumba ya marehemu babu yetu iko Ujiji. Kuta ni za matofali mabichi, juu ni bati. Madirisha mawili ya mbele ni ya mbao, kila moja lina vioo vidogo 12, na baadhi vina mawimbi na viputo ndani yake. Wazee wa mtaa wanasema vililetwa na Waarabu zama za Livingstone. Fundi anataka kung'oa vyote aweke alumini. Je, kweli vina umri huo? Kioo kilianza lini madirishani huku kwetu? Tuving'oe au tuviache?

Jibu: Karibu ni yakini kwamba vioo hivyo vimekuja baada ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Havina umri wa Livingstone. Hata hivyo msiving'oe, na sababu ya kusema hivyo haihusiani na Livingstone hata kidogo. Nitaanza na historia kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini fundi akiingiza alumini kwenye ukuta ule mtajuta.

Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kioo kilikuwa kimeshauzoea mji ule, ila hakikuwa ukutani. Kilifika kikiwa ushanga. Cameron, msafiri Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1874, alikuta soko la Ujiji linaendeshwa kwa sofi, ushanga uliofanana na vipande vya shina la kiko. Asubuhi wabadilishaji walikuja na mifuko yao wakawapa sofi waliotaka kununua, na soko likiisha wakazipokea tena. Watu waliolipia samaki na unga kwa kioo hawakuwa wageni wa kioo. Kwa hiyo anayesema madirisha hayakuwa na vioo kwa sababu watu walikuwa hawakijui, amekosea.

Sababu ya kwanza ya kioo kutofika madirishani ni mzigo. Kila milimita moja ya unene wa kioo ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kioo cha milimita 2 ni kilo 5 kwa mita ya mraba. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Tabora alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo 32 kwa makadirio. Toa sanduku la mbao na majani makavu ya kuzuia mitikisiko, kilo 10 au zaidi, na kinachobaki ni kama mita 4 za mraba za kioo, madirisha matatu au manne yenye ukubwa kama ya kwenu. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 800, na misafara mingi ilichukua miezi mitatu hivi kabla hata ya kuanza mwendo wa Ujiji. Mtumba wa kitambaa cha merikani ukiloa maji unaanikwa, na ushanga ukimwagika unaokotwa, lakini sanduku la kioo likianguka mara moja limekwisha. Isitoshe, njiani huwezi kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa mtemi kwa kumkatia pembe ya kioo cha dirisha.

Msidhani hata hivyo kwamba mabega ya watu yasingeweza. Meli ya mvuke Good News, ya wamisionari wa London Missionary Society, ilibebwa vipande vipande kupitia njia ya Ziwa Nyasa na ikaelea kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Anayeweza kuleta meli anaweza kuleta kioo. Suala lilikuwa nani angelipia, na kingewekwa wapi.

Hapo kwenye "wapi" ndipo penye uzito wa jibu langu. Kioo hakipindi. Kabla hakijaingia ukutani kinadai fremu ya mraba kamili, linta inayobeba uzito wa juu bila kuugusa mlango wa dirisha, ukuta usiotembea, na paa lisilovuja. Tembe, nyumba ya udongo ya bara, halikuwa na hata kimoja cha hivyo, wala halikuvihitaji. Mkienda Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako Stanley na Livingstone walikaa, mtaona nyumba ya namna hiyo: kuta nene za udongo, mlango wa kuchonga, baraza. Tembe la asili lilikuwa na paa bapa la udongo juu ya boriti na matawi. Paa hilo hunywa mvua za masika likawa zito, kiangazi likakauka na kupungua uzito, na kuta chini yake hushuka na kupanda kidogo kila mwaka. Dirisha dogo lenye nguzo za mbao na ubao wa kufunga halijali mwendo huo. Kioo kilichobanwa humo kingepasuka mvua za kwanza. Kisha kuna joto. Ukuta mnene na tundu dogo huweka chumba baridi saa nane mchana, hewa hupita usiku, na mwanga mwingi hutoka uani. Yule aliyejenga hivyo Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, hakukosa kitu. Nyumba yake ilikuwa kamili kwa kazi yake.

Ndivyo ilivyokuwa pwani pia, kwa vifaa tofauti. Nyumba za mawe ya matumbawe za Kilwa na Gede zilipata mwanga kutoka uani. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki sana mita 2.5 hadi 2.8, na kuta za ndani zilichongwa zidaka, yaani vishubaka, badala ya kutobolewa madirisha makubwa. Wareno walikuja, Waomani wakafuata, na mbao na nondo vikaendelea kutawala madirishani.

Kwingineko barani hadithi ni tofauti, na hailingani kabisa na ile dhana kwamba dirisha la kioo lilizaliwa Ulaya likaja huku na wakoloni. Warumi walitumia vioo madirishani tangu karne ya 1 BK, hasa kwenye mabafu ambako walitaka mwanga bila kupoteza joto, na mabafu hayo yalijengwa pia Afrika Kaskazini. Kisha Misri ikaja na njia yake. Msikiti wa Ibn Tulun, Cairo, uliojengwa 876–879, una madirisha 128 yenye nyavu za jasi iliyotobolewa. Kufikia kaburi la Sultani Qalawun, 1284–85, matundu hayo yamejazwa vioo vya rangi. Fundi alimimina jasi kwenye fremu ya mbao, akachonga nakshi ikiwa bado laini, akaielekeza mikato chini kidogo ili aliyesimama sakafuni aone mwanga na si unene wa jasi, halafu akabandika vipande vidogo vya kioo kwa nyuma kwa jasi nyepesi. Vipande vidogo vilitosha, na kimoja kikivunjika hakikuvunja dirisha zima. Njia hiyo isingehamia Ujiji hata kwa dawa: jasi huyeyuka kidogo kidogo kwenye mvua, na mvua za Kigoma hunyesha miezi sita na zaidi kwa mwaka. Ethiopia nako, makanisa ya Lalibela yana madirisha mazuri ajabu yaliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, na hayakudai kioo.

Kusini, Waholanzi walijenga Ngome ya Cape Town kati ya 1666 na 1679 na wakaagiza vioo kwa meli kutoka kwao. Vilikuwa vidogo, vya kupangwa vingi katika dirisha moja, kwa sababu tatu: mpuliza kioo wa wakati ule hakuweza kutoa bapa kubwa lililonyooka, kioo kidogo husafiri salama zaidi, na kikivunjika gharama ni ndogo. Upande wetu, Zanzibar ndiyo iliyotangulia. Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta majumba yenye vioo vya rangi juu ya milango na kwenye veranda za nakshi zenye mkono wa mafundi wa Kihindi. Jengo la zahanati ya Tharia Topan, lililoanza kujengwa 1887, ndilo mfano ambao bado unaonekana vizuri ukishuka bandarini. Yote hayo yalikuwa hatua chache kutoka kwenye meli.

Bara, kilichobadili mambo ni behewa. Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Behewa la tani 10 ni mizigo zaidi ya 300 ya wapagazi, tena linatingisha kidogo na linafika kwa siku, si miezi. Na halikuleta kioo peke yake. Lilileta bati, saruji, bawaba, misumari, rangi ya mafuta, yaani nyumba ambayo kioo kinaweza kuishi ndani yake. Mjini Kigoma na Tabora Wajerumani walijenga kwa kuta za mawe au matofali ya kuchoma, veranda pana, na dirisha la matabaka: luva za mbao kwa nje, vioo kwa ndani, na waya wa mbu pale walipoweza. Veranda ile ndiyo iliyofanya kioo kivumilike. Wengi wamekuja kuiga kioo wakaisahau veranda.

Kisha angalieni kilichotokea Kigoma hasa. Wabelgiji waliingia Julai 1916 na kuitawala hadi 1921, na hata baada ya hapo mizigo ya Kongo iliendelea kupita katika eneo lao la bandari. Ubelgiji, hasa mji wa Charleroi na vitongoji vyake, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kioo cha dirisha duniani. Kwa macho huwezi kuapa kwamba kioo chenu ni cha Ubelgiji, lakini kwa nyumba ya Ujiji hilo si jambo la kushangaza.

Sasa umri wenyewe. Simameni nje jioni, jua likiwa chini, mtazame kwenye kioo taswira ya kitu kilichonyooka, kwa mfano ukingo wa bati la jirani. Sogezeni kichwa polepole kushoto na kulia, halafu juu na chini.

Taswira ikijikunja ovyo bila mpangilio, na viputo ni virefu kama punje za mpunga vimelala upande mmoja, hicho ni kioo cha silinda: kilipulizwa kikiwa mrija mnene, kikapasuliwa kwa urefu, kikatandazwa kwenye tanuru. Ndiyo njia iliyotoa vioo karibu 300,000 vya Crystal Palace ya London mwaka 1851, na iliendelea hadi miaka ya 1920 hivi. Taswira ikicheza kwa mistari iliyonyooka inayofuatana sambamba, kwa mwelekeo mmoja tu, hicho ni kioo cha kuvutwa kwa mashine kutoka kwenye tanuru, njia ya Mbelgiji Émile Fourcault, iliyoenea baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia na kudumu hadi miaka ya 1960 na zaidi. Taswira isipotikisika kabisa, ni kioo cha kuelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, ambacho kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilikitangaza mwaka 1959. Kipo kioo cha zamani zaidi cha kuzungushwa kama sahani, chenye mikunjo ya nusu duara, lakini kukikuta Ujiji kungekuwa ajabu.

Kwenu, kwa kuwa ni "baadhi" tu vyenye viputo, yaelekea mna mchanganyiko: vichache vya silinda na vingine vilivyowekwa baadaye kila kilipovunjika kimoja. Hilo ni jambo la kawaida. Vilevile msidanganyike na unene. Mtaambiwa kwamba kioo kimekuwa kinene chini kwa sababu kinatiririka polepole miaka na miaka. Hakitiririki. Bapa la silinda lilitoka tanuruni na unene usiolingana, na fundi mwenye akili aliweka upande mzito chini.

Na umri wa kioo si umri wa dirisha. Kioo huhamishwa kutoka jengo hadi jengo. Kagueni fremu: ikiwa ni mninga, mkato wa msumeno wa mkono huacha mistari isiyolingana, wa mashine huacha mikwaruzo ya mviringo yenye nafasi sawa. Tafuteni kwenye fremu matundu ya mraba au ya duara yaliyozibwa. Mkiyakuta yamepangwa kwa nafasi sawa, dirisha hilo lilikuwa la nguzo au nondo kwanza, na vioo vilikuja baadaye. Hapo wazee wenu wanaweza kuwa na haki kuhusu tundu lenyewe.

Kuhusu alumini. Fremu yake hushikwa kwa skrubu ndefu na plagi zinazopanuka, na tofali bichi halishiki plagi: linasagika, na upepo wa ziwani utaitikisa fremu hadi itengane na ukuta. Fundi atajibu kwa kupiga saruji kuzunguka tundu. Saruji hiyo haipitishi unyevu, maji yatabaki nyuma yake kwenye udongo, na baada ya masika mawili au matatu mtaona plasta inabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Tena dirisha la kuteleza hufunguka nusu tu, ilhali la bawaba hufunguka lote. Kwa nyumba yenye uso wa magharibi, inayopigwa na jua la mchana, hiyo ni hasara ya kila siku.

Matengenezo yenyewe si makubwa. Kabla ya lolote, piga picha, na andika namba kwenye kila kioo kwa kipande cha karatasi ya gundi. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi: lowesha kabla ya kupiga msasa, usichome, usikwangue kavu, na watoto wasiwe karibu.

Puti ngumu ya zamani inayoshika kioo kwenye fremu usiipige patasi kuelekea kioo. Ilainishe kwa pasi ya kulehemu ukiipitisha taratibu juu ya puti tu. Hewa ya moto ya kupuliza hupasua kioo. Kikishatoka kioo, safisha mkato wa fremu kinapokaa, kisha ipake mbao hiyo rangi ya mafuta ya kwanza au mafuta ya kitani na uiache ikauke. Hatua hii ndiyo inayorukwa kila mara. Mbao kavu hunyonya mafuta ya puti, puti inabaki unga, na mwaka unaofuata inadondoka.

Puti mnaweza kukanda wenyewe: kilo 1 ya unga wa chaki na gramu 170 hadi 200 za mafuta ya kitani, yakiongezwa kidogo kidogo hadi isishike mikononi. Kigoma kuna kishawishi kimoja: mawese yako kila duka. Msiyatumie. Mawese hayakauki kabisa, puti itabaki laini na kukusanya vumbi na siafu. Alizeti hukauka kwa uvivu mno. Na jasi au saruji badala ya chaki hazifai, maana zinashika kwa ugumu na kioo hakipati pa kucheza.

Kioo kipya kikatwe kidogo kuliko nafasi yake, milimita 3 kwa urefu na 3 kwa upana. Weka tabaka la puti la milimita 2 au 3, bonyeza kioo kwa pembeni (ukibonyeza katikati kitapasuka), kisha pigilia misumari midogo isiyo na kichwa kila sentimita 15 hadi 20, nyundo ikiteleza juu ya kioo. Funika kwa puti ya mteremko. Subiri wiki moja hadi mbili ifanye ngozi, halafu paka rangi, na rangi hiyo iingie milimita 2 juu ya kioo ili maji yasipate mwanya. Kwa fremu nyembamba kama zenu tumieni kioo cha milimita 3. Cha 4 hakitaacha nafasi ya puti.

Kama kuna vioo vilivyopasuka, someni ufa kabla ya kubadili. Ufa unaoanzia pembeni mwa fremu na kukata mshazari unasema linta imeshuka na inakandamiza. Kioo kipya kitapasuka hapo hapo. Ufa uliopinda unaoanzia kwenye msumari ni kosa la aliyefunga. Nyota katikati ni jiwe la mtoto, na dawa yake mnaijua. Linta ikiwa ndiyo shida, iwekwe ya mninga inayolala sentimita 20 hadi 30 ndani ya ukuta kila upande, na juu ya fremu kuachwe upenyo wa sentimita 1 uliojazwa mota laini ya chokaa. Kizingiti cha chini kiteremke nje, kipite uso wa ukuta kwa sentimita 4 au 5, na chini yake kuwe na mkato mwembamba wa kudondoshea maji. Bila mkato huo maji hurudi nyuma hadi kwenye tofali bichi, na hapo ndipo mchwa huanzia.

Mkipata vioo vya zamani vya akiba kwenye nyumba inayobomolewa, nunueni. Vihifadhiwe vikiwa vimesimama wima, karatasi kavu katikati ya kila viwili, mbali na sakafu. Vikilazwa vikigusana na unyevu ukaingia, vitapata ukungu mweupe ambao sabuni haitoi.